Hodi ya Nne

Saa tano na dakika tano usiku, Tandika.
Tumsifu amekalia ndoo ya rangi niliyoifunika kwa boksi,
vyeti vyake mapajani ndani ya mfuko wa rambo.
Maombi ya mkopo wa chuo yanafungwa saa sita kamili.
Mtandao hauna habari naye.

Nilianza na waya, kama alivyonifundisha mdogo wangu:
usimshtaki wa mbali kabla hujamkagua wa karibu.
Nikauchomoa, nikaupuliza, nikaurudisha ukalia ka!
Taa ya kijani ikakonyeza.
Basi si waya.

Nikafungua ile skrini nyeusi ya Linux
ambayo wateja wakiiona wanadhani naiba benki,
nikaipigia hodi mashine yenyewe, ndani kwa ndani.
Ikaitika: nipo.
Nikapiga hodi kwa ruta, hii mpya
aliyoileta fundi leo jioni, akaondoka na ya zamani kwapani.
Ikaitika upesi, kama mtoto aliyetumwa dukani
akijua chenji ni yake.
Nikapiga hodi mbali, ng'ambo huko, kwa namba tupu,
nane nne zilizopangana kama vifungo vya kanzu.
Zikarudi zote. Hakuna iliyopotea njiani.

"Kwa hiyo ipo?" Tumsifu akauliza.
Ipo. Ila ukiita kwa jina
mashine inatoa macho: simjui huyo.

Kichekesho. Hapa kwetu namba ya nyumba nani anaijua?
Unauliza kwa Bi Mtumwa muuza visheti,
unaambiwa vuka mashine ya kusaga, mlango wa bati la bluu.
Hii yangu inafika kwenye namba yoyote ya dunia
na haina wa kumuuliza jina.

Nikatafuta faili linalosema majina yaulizwe kwa nani.
Mistari miwili tu.
Wa pili, anwani ya ruta ya zamani.
Tangu magharibi mashine inaulizia watu kwa jirani aliyehama,
inasimama kizingitini, inasubiri, inachoka,
inarudi kusema hakuna.

Wa kwanza ulianza na alama ya reli,
ile inayoiambia mashine: ruka, haya hayakuhusu.
Mwinchande aliandika:
# dada, siku ukifika hapa ujue pameharibika. nipigie kabla hujagusa

Hatujasalimiana tangu mfungo uliopita.
Mashine ya fotokopi; mmoja alitaka iuzwe, mmoja akakataa,
maneno yakatoka,
na mengine alituachia mama tuyafiche.

Sikumpigia. Ilikuwa tano na nusu.
Niligusa. Nikafuta anwani ya aliyehama, nikaandika ya aliyepo,
nikahifadhi, nikaita jina,
na jina likaitika.
Tumsifu akapandisha vyeti kimoja kimoja.
Cha kuzaliwa kiligoma mara mbili kwa uzito, tukakipunguza.
Saa sita kasoro dakika nne akapiga yowe
mpaka mlinzi wa duka la dawa akatumulika tochi.
Alinipa elfu mbili, nikamrudishia moja ya bodaboda.

Nimebaki na ule mstari.
Nimelelewa hivi: hodi tatu,
usipoitikiwa geuza viatu, nenda zako, usinune.
Lakini hodi ya mashine hii haina adabu ya tatu.
Ukiianzisha inagonga, inagonga,
kila sekunde inaandika iliyokwenda na iliyorudi,
mpaka mwenye mkono aikatishe.

Nimempigia Mwinchande.
Ya kwanza iliita mpaka ikakata yenyewe.
Ya pili.
Ya tatu.

Mlinzi anakohoa nje, anauliza kama nafunga.
Bado, namwambia.
Simu iko sikioni.
Inaita.